Usiliingize gumzo kwenye picha bila mkono wa mtu: kwa mleta uzi wa Malindi

Usilitie gumzo hilo ndani ya picha kwa namna uliyoieleza. Umeandika kwamba Ijumaa usiku mtarusha mubashara, kutoka uani kwenu huko Malindi, shughuli ya kumchangia jirani yenu fedha za matibabu. Kwamba umeshanakili kiungo cha dirisha la gumzo la YouTube na kukipachika kwenye OBS, ile programu ya kurushia matangazo, kama chanzo cha kivinjari, yaani ukurasa wa wavuti unaoonekana ndani ya picha. Na kwamba yamebaki mambo manne tu unayotaka kusaidiwa, yaani gumzo likae upande gani wa skrini, herufi ziwe na ukubwa gani, maoni ya Facebook yachanganywe vipi na ya YouTube, na upepo wa baharini uzuiwe vipi usivume ndani ya kipaza sauti. Nilipofika kwenye neno "kukipachika" nilisita kuendelea kusoma. Ndivyo nilivyofanya mimi hapa Lamu, katika shughuli ya mchango kama hiyo yako, na ujumbe mmoja uliopita kwenye picha yangu uliwaibia watu wetu shilingi 41,300 huku mimi nimekaa mbele ya kompyuta nikiutazama.

Ilikuwa Mfungo Sita, katika siku za Maulidi, wakati mji wetu unapojaa wageni, na wana wa Lamu waliotawanyika Mombasa, Jeddah, Maskati na Uingereza wanapokumbuka kwao. Madrasa moja ya mtaa wa Langoni ilikuwa na dari iliyochoka: boriti zake zilikuwa zimeliwa na mchwa kiasi kwamba ukizigonga kwa kidole, unga ulikuwa ukimwagika juu ya mikeka ya watoto. Wazee wakaamua ufanyike usiku mmoja wa kasida na mchango, na kwa kuwa wengi wenye uwezo hawako kisiwani, wakaniomba niirushe shughuli hiyo hewani. Nilikuwa na kamera mbili, kompyuta moja ya mkononi, intaneti ya modemu, na televisheni moja iliyowekwa ukumbini ili wazee waone salamu za jamaa zao. Namba ya M-Pesa ya madrasa niliiandika mwenyewe chini ya picha, kwa herufi nyeupe juu ya ukanda wa kijani, na nikaihakiki tarakimu kwa tarakimu pamoja na mweka hazina. Hapo sikukosea.

Kosa langu lilikuwa upande wa kulia wa picha. Nilitaka, kama unavyotaka wewe, watu wa mbali wajione wamo. Mtu aliyeondoka kwao miaka ishirini iliyopita, akiliona jina lake na salamu yake vinapita kwenye skrini ileile aliko maalim wake wa utotoni, huguswa moyoni, na jambo hilo silidharau hata leo. Nikatafuta mafunzo, nikampata mwalimu mmoja wa video mwenye wafuasi wengi, ambaye kwa dakika tisa alionyesha kazi yote: fungua chumba cha kudhibiti matangazo, bonyeza vile vidoti vitatu vilivyo juu ya gumzo, litoe gumzo kwenye dirisha lake lenyewe, nakili anwani ya dirisha hilo, ipachike kwenye OBS. Kisha akatoa kipande cha msimbo wa CSS, yaani maagizo ya kupanga sura ya ukurasa wa wavuti, cha kubandika kwenye kisanduku cha chanzo hicho, ili nyuma ya maneno pabaki wazi kama kioo, picha za wasifu zifichwe, na majina yote yawe na rangi moja. Rangi na alama alizozikuta kwenye gumzo aliziita takataka za macho.

Hizo alizoziita takataka ndizo zilizokuwa walinzi wangu. Katika gumzo la YouTube jina la mwenye chaneli huwekewa rangi ya njano, jina la msimamizi huwa la bluu na kuwekewa alama ya spana, na jina la mwanachama anayelipia huwa la kijani. Mtazamaji wa kawaida hana alama yoyote. Mtu aliyezoea alama hizo hadanganywi kwa urahisi na mgeni anayejifanya mwenyeji. Mimi nilizifuta zote kwa kubandika mistari ya msimbo ambayo sikuelewa hata mmoja, nikabakiwa na majina meupe na maneno meupe. Zaidi ya hayo nilichagua herufi za aina ileile niliyoandikia namba ya mchango, kwa kuwa nilitaka picha nzima ilingane na ipendeze.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Zilikuja salamu za kutoka Jeddah, zikaja dua, yakaja majina ya watu waliosoma pale miaka ya themanini. Mzee mmoja aliinuka mkekani, akatembea mpaka kwenye televisheni, akalisoma jina la nduguye huku akilifuata kwa kidole juu ya kioo. Baada ya saa nne usiku gumzo likapoa, kwa kuwa wengine walikuwa wameshalala na wengine walikuwa wakisikiliza tu. Saa 4:20 ukapita ujumbe kutoka kwa akaunti yenye jina la madrasa yetu, herufi kwa herufi, ukisema kwamba namba ya awali ilikuwa na hitilafu, kwamba wachangiaji watumie namba ifuatayo ya mweka hazina msaidizi, na kwamba Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Niliuona. Nilikuwa nimeshika waya wa kamera ya pili uliokuwa ukishika na kuachia, nikalisoma jina la madrasa, nikadhani mmoja wa wazee ameandika kwa simu yake, nikarudi kwenye waya wangu. Lile dirisha la gumzo halina saa ya kuuondoa ujumbe. Ujumbe hukaa mpaka mwingine uje kuusukuma juu, na wakati ule hakukuwa na wa kuusukuma. Ulikaa dakika saba.

Katika dakika ya tatu au ya nne shangazi yangu alinipigia simu kutoka Mombasa. "Mwanangu, mbona naona namba mbili? Nitume kwa ipi?" Matwari yalikuwa yamepamba moto, sikumsikia vizuri, na nikadhani ni macho yake yanamsumbua. Nikamwambia: "Shangazi, fuata iliyoandikwa kwenye skrini, hiyo ndiyo yenyewe." Akasema, "Haya, babangu," akakata simu. Alituma shilingi 5,000 kwa ile mpya, kwa sababu ile mpya ilisema ya zamani ina hitilafu, na kwa sababu mimi mwenye kamera nilimwambia aifuate skrini. Katika yote ya usiku ule, hilo "haya, babangu" ndilo lisilonitoka masikioni.

Lifikirie hili kwa utulivu, ndugu yangu, kwa sababu ndilo ambalo mafunzo hayalisemi. Ujumbe ulioko kwenye gumzo la pembeni ni kama neno la mtu aliyekaa barazani: mpita njia anajua kwamba barazani kila mtu husema lake. Ujumbe huohuo ukiingia ndani ya picha unakuwa neno la mwenye shughuli. Anayetazama kwenye televisheni ya sebuleni, au aliyeilaza simu ili picha ijae skrini, mara nyingi halioni kabisa gumzo la pembeni. Anaona picha moja, na kila kilichoandikwa juu ya picha hiyo kwake kimeandikwa na nyinyi. Tapeli wangu angeandika maneno yake kwenye gumzo la kawaida, yangesomwa na wachache na kupita. Mimi ndiye niliyempa skrini, nikampa na herufi zangu. M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajakamilisha muamala, na wengi waliliona jina hilo. Lakini lilikuwa jina la kawaida la watu wa pwani, nao walikuwa wameshaambiwa kwamba ni la mweka hazina msaidizi, basi wakakubali wakatuma.

Nilipong'amua, nilifanya ambacho yeyote angefanya: niliufuta ujumbe na kuizuia akaunti ile. Ukatoweka kwenye gumzo la kila mtu. Lakini kufuta hufanya kazi ndani ya gumzo tu. OBS huichukua kamera, ukanda wa chini na dirisha la gumzo, ikavichanganya vikawa picha moja, na picha hiyo moja ndiyo inayopanda YouTube. Kilichokwisha kupanda hakifutiki kwa kubonyeza ujumbe. Watazamaji nao hawako sambamba na wewe. Hata ukichagua mpangilio wa ucheleweshaji mdogo kabisa wa YouTube, wengi wao huwa nyuma yako kwa sekunde kadhaa, na ukichagua ule wa kawaida huwa nyuma zaidi, mbali na yule aliyesimamisha video akaenda kunywa maji. Kwa hiyo nilipokwisha kufuta, wako waliokuwa ndio kwanza wanausoma.

Usije ukadhani kwamba kuyachelewesha matangazo kwa makusudi kutakuokoa. YouTube inakuruhusu kuongeza sekunde 30 au 60, na OBS nayo ina ucheleweshaji wake kwenye mipangilio ya ndani, lakini vyote viwili huchelewesha picha ambayo maneno yameshaingia. Ni sawa na kuizuia gatini jahazi iliyokwisha kupakia shehena mbovu: itafika baadaye, na shehena ni ileile. Ucheleweshaji una maana pale tu unapowekwa kabla ya ujumbe kuingia kwenye picha, yaani mtu ausome kwanza.

Kisha ikaja rekodi. Matangazo yasiyozidi saa 12 YouTube huyahifadhi yenyewe, na mimi katika fadhaa ya usiku ule sikulikumbuka hilo. Asubuhi, ndugu waliolala mapema wakaamka, wakatazama rudio, wakafika dakika ileile, wakaiona namba ileile. Wawili walituma siku hiyo ya pili, saa nyingi baada ya mimi kuufuta ujumbe na kujiambia kwamba mambo yamekwisha. Gumzo la rudio lilikuwa safi. Picha ndiyo iliyokuwa bado inaomba fedha. Ilinibidi kwanza niifanye video kuwa ya faragha, kisha nikiondoe kipande kile kwa kihariri cha YouTube Studio, na ndipo niirudishe. Laiti ningeificha usiku uleule, hao wawili wangeokoka.

Aliyeandika kabla yangu kwenye uzi huu amekushauri uorodheshe maneno yaliyopigwa marufuku, uzuie viungo, uwashe hali ya gumzo la polepole, kisha ukae ustarehe. Hayo matatu yawashe, hayana ubaya, lakini usistarehe. Ujumbe ulioniumiza haukuwa na tusi wala kiungo. Maneno yake yote yalikuwa mema: mchango, namba, hitilafu, kheri. Kichujio kingeukamata kwa lipi? Ukizuia tarakimu, mtu ataziandika kwa maneno, au ataziachanisha kwa nafasi na nukta, na yule bibi anayetaka kutuma ataziunganisha mwenyewe kwa subira. Hali ya polepole humzuia mtu kuandika mara nyingi mfululizo, na tapeli wangu aliandika mara moja tu.

Tulipeleka habari kituoni, na waliotuma wakapeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom kuomba fedha zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshatolewa. Mimi nilikwenda kwa maalim baada ya alasiri, nikakaa naye kwenye daka la nyumba yake, nikamweleza yote tangu mwanzo.

"Ile namba ilikuja na jina letu?" aliniuliza.

"Naam, maalim."

"Na wewe uliiona?"

"Niliiona."

Hakuniuliza la tatu. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake aniletee kahawa. Niliiuza lenzi yangu nzuri, nikawalipa watu wale mmoja mmoja kwa muda wa miezi mitano, hata waliosema wamesamehe, kwa sababu walikuwa wamesamehe wakiamini kwamba kosa ni la tapeli peke yake.

Kwa yule mwalimu wa video bado nina uchungu, na sioni haya kuusema. Nilimwandikia, nikamweleza kilichotokea, nikamwomba aongeze onyo japo la sentensi moja chini ya video yake. Alinijibu kwamba yeye huwafundisha wacheza michezo ya kompyuta na kwamba kila mtu apime mwenyewe. Ni kweli kwamba mtindo wa kuweka gumzo juu ya picha ulikomaa kwa wacheza michezo, hasa wale wa Twitch, jukwaa la kurushia michezo mubashara, na kwao una sababu: anayetazama rekodi baadaye huona mchezaji anamjibu nani. Mtazamaji wao akiona upuuzi kwenye skrini hucheka na kuendelea. Lakini kichwa cha video ya bwana yule kinasema njia yake inafaa kwa harusi, ibada na michango! Mtu anayewaita watu wa michango waje wajifunze kwake, akawaambia wafiche rangi zinazomtofautisha mwenyeji na mgeni, na asiseme neno juu ya nani anaweza kuandika kwenye skrini hiyo, amefundisha nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyomfikia shangazi yangu. Maelfu wameshaitazama. Ninaposoma maelezo yako naziona hatua zake zilezile kwa mpangilio uleule, hata lile la majina kuwa na rangi moja, na ndiyo maana nimeacha kazi zangu nikakuandikia urefu huu.

Sheria yangu ni moja: hakuna ujumbe unaoingia kwenye picha mpaka mkono wa mtu uuchukue na kuuweka. Kwetu hata punda, ambaye ana haki ya njia kuliko sote, haingii ukumbini mpaka mtu amfungulie mlango. Sembuse neno la mtu usiyemjua siku unayokusanya fedha za watu.

Kuitimiza sheria hiyo si kazi ngumu. Katika StreamYard, huduma ya kurushia matangazo kupitia kivinjari, jambo hili limo tayari: maoni huja pembeni kwako, na lile unalolibonyeza ndilo linalopanda kwenye picha, moja baada ya jingine. Kwa kuwa wewe umeshajenga kazi yako kwenye OBS, tumia Social Stream Ninja, programu ya bure ya kukusanya gumzo za majukwaa mbalimbali mahali pamoja. Ina ukurasa mmoja unaopokea ujumbe wote, na ukurasa mwingine unaoonyesha ule tu uliouchagua. Huu wa pili ndio wa kuupachika kwenye OBS kama chanzo cha kivinjari. Angalia sana usije ukaupachika ule wa kwanza, maana utakuwa umerudi palepale ulipo sasa, na kwa macho utadhani umetengeneza.

Mimi mwenyewe natumia njia nyepesi zaidi, kwa kuwa kompyuta yangu imechoka na kila ukurasa wa ziada huifanya ikwame. Chanzo cha maandishi cha OBS kina chaguo la kusoma maneno kutoka kwenye faili. Mpwa wangu hukaa kando yangu na kompyuta kuukuu iliyounganishwa na yangu kwa folda ya pamoja. Hulisoma gumzo kwenye simu, huandika ujumbe unaofaa kwenye faili ya maandishi ya kawaida, jina kwanza na maneno baadaye, na akihifadhi tu, picha inabadilika. Akiyafuta maneno hayo kwenye faili, skrini inabaki tupu. Mwezi uliopita tulikuwa Shela tukirusha nikahi, hakuna hata mchango, na katikati ya hotuba niliona amenyanyua mkono mmoja na kunigeuzia simu. Mtu alikuwa ameandika namba ya kutuma "tunzo za bwana harusi", kwa akaunti yenye jina la bwana harusi. Mpwa wangu aliizuia akaunti, akaendelea kuandika salamu ya mama mmoja wa Faza. Bwana harusi hajui mpaka leo, wala hakuna aliyehitaji kujua.

Mtu huyo wa gumzo awe na kazi hiyo moja tu. Usimpe kamera, usimpe sauti, usimtume maji. Mimi niliuona ujumbe wa tapeli kwa macho yangu mawili, na haukunishtua kwa sababu mikono na akili vilikuwa kwenye waya. Mpe haki za msimamizi kwenye gumzo ili aweze kufuta na kuzuia bila kukuuliza, na mweke karibu kiasi cha kukugusa bega, kwa sababu matwari yakianza hutamsikia. Mwambie kwamba ujumbe wenye tarakimu hauingii kwenye picha, hata ukitoka kwa mwenye shughuli mwenyewe, hata ukiwa umesahihisha kosa la kweli. Ikitokea kweli kwamba namba imeandikwa vibaya, wewe ndiye utakayeirekebisha kwenye ukanda wa chini, na mshereheshaji atalitangaza kwa mdomo wake watu wakimwona uso. Na mshereheshaji aseme kila robo saa, hata akichosha, kwamba namba ya mchango ni moja, iko chini ya picha, haitabadilika usiku huu. Ukanda huo uupe rangi na aina ya herufi ambayo haitumiki mahali pengine popote kwenye skrini.

Kwa shughuli yako wewe kuna jambo jingine ambalo mimi sikuwa nalo, nalo linanitia wasiwasi kuliko hata fedha. Mnamchangia mgonjwa. Atakuja mtu kwa nia njema kabisa, jirani au ndugu, aandike ugonjwa wake kwa jina lake lote, au aseme madaktari wamesema nini, au aandike namba ya simu ya mkewe ili watu wampe pole. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na habari za afya ya mtu ni katika zile inazozilinda kwa uzito zaidi. Lakini hata isingekuwapo sheria, mtu aliye kitandani hana nguvu za kukuomba uufute ujumbe ulioko kwenye rekodi. Kaeni na familia yake kabla ya Ijumaa, mkubaliane maneno gani yanaruhusiwa kusemwa juu ya hali yake, na yule wa gumzo ayajue maneno hayo kwa moyo.

Najua utaniambia kwamba kwa kuchagua kwa mkono shughuli itapoa, kwamba watu wataandika wasijione. Watajiona, ila watajiona wachache kwa wakati na kwa kuchelewa kidogo, na hakuna aliyewahi kunilalamikia kwamba salamu yake ilipanda nusu dakika baada ya kuiandika. Nduguye yule mzee wa Langoni angeonekana vilevile, tena angekaa kwenye skrini mpaka mzee amalize kulisoma jina lake, badala ya kusukumwa juu na salamu za wengine kidole kikiwa bado hakijafika mwisho wa jina, kama ilivyotokea.

Kifute basi kile chanzo cha kivinjari ulichokipachika. Usikifiche tu kwa kubonyeza ile alama ya jicho, kwa sababu katikati ya haraka za Ijumaa mtu atakibonyeza tena. Jumatano usiku fungua matangazo ya majaribio yasiyoorodheshwa, yaani yanayoonwa na mwenye kiungo tu, mweke mtu wako wa gumzo mahali pake, unitumie kiungo kwa ujumbe wa faragha. Nitaingia kwa akaunti nitakayoipa jina la shughuli yenu, nami nitaandika kwa adabu na kwa dua kwamba namba imebadilika, nikiweka tarakimu nne za uongo. Nitaandika mara tatu, kwa saa tofauti, mkiwa mmeshughulika. Usimwambie mtu wako kwamba nakuja. Niandikie tu ni saa ngapi mnaanza. Mimi baada ya isha nipo.